Sauti Aliyoipenda Mume Wangu Si Yangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na unisamehe kwa kukuandikia huku natabasamu, maana wengi wanaokuandikia wanalia, na mimi nina wiki tisa tu za ndoa, kila asubuhi namtazama mume wangu alivyolala na mkono kichwani kama mtu anayefikiria, nasema moyoni, kumbe raha ndiyo hii! Lakini naomba unisaidie, kwa sababu raha yenyewe imesimama juu ya jambo ambalo si kweli, na Jumapili hii litajulikana.

Mume wangu ni fundi wa breki katika karakana ya treni. Mimi niko stesheni, ng'ambo ya reli, na wakati ule nilikaa katika chumba cha matangazo, chumba chenye dirisha moja, feni inayolia na kiti kilichofungwa kwa waya, nikiandika kwenye daftari treni zinazoingia na zinazotoka, na pembeni yangu alikaa Bi Mkubwa, mtangazaji wetu, ambaye nikiikumbuka sauti yake mpaka leo mwili unanisisimka. Treni ikichelewa hakusema tu imechelewa. Alisema, "Wanangu, kaeni kitako, inakuja, na huyo anayekungojeni huko hajachoka," na watu wote walicheka, hata wenye hasira. Siku hizi inatangaza mashine, wala hakuna anayecheka.

Kumbe huko karakana kulikuwa na fundi anayezima mashine yake kila saa kumi jioni ili asikilize! Siku moja akavuka reli, akasimama nje ya mlango wetu na mafuta mikononi, tangazo likaisha, mlango ukafunguka, nikatoka mimi na chupa ya chai. Akaniuliza, "Ni wewe?" Mimi kwa kuyaona macho yale nikajibu, "Ni mimi, kwani ulimtaka nani?" Mshauri, tulicheka! Nilidhani ni maneno ya kuanzia mazungumzo tu. Tukatembea kando ya reli mwezi mzima, jioni kwa jioni, yeye ameshika begi la vifaa na mimi nimeshika viatu vyangu mkononi, ndipo akaniambia kuwa ni sauti yangu iliyomvusha. "Kwenye spika ilikuwa nzito kidogo," akasema, "lakini spika hubadilisha sauti." Nikanyamaza. Bi Mkubwa alikuwa ameshastaafu na kuhamia kwa binti yake, mashine imeshika nafasi yake, hata harusi hakuiwahi, nikasema basi, limeondoka naye.

Tulipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na mwalimu tuliyemwita Kwa-Hiyo, kwa sababu kila hoja aliimalizia kwa neno hilo huku akigonga ubao. Namkumbuka sana siku hizi, ule mwanga wa saa nane dirishani, vumbi la chaki begani mwake, na sisi wa madawati ya nyuma tukimwigiza. Alitufundisha kuwa kuamini si kujua. Ili useme unajua, lazima uwe unaliamini jambo, uwe na sababu nzuri ya kuliamini, na jambo lenyewe liwe kweli. Nilipata alama nzuri, sikujua kama somo lile litanifuata mpaka chumbani! Maana mume wangu anaamini, na sababu anayo, tena nzuri, sauti ilitoka chumba kile na mimi nikatoka chumba kile, ila si kweli. Kwa hiyo hajui amemwoa nani?

Kila Jumamosi anafumba macho na kuniambia, "Nitangazie, mke wangu," nami nauongeza uzito wa sauti, namwigiza Bi Mkubwa, anatabasamu jamani, na mimi naona fahari na aibu kwa pamoja. Sasa Bi Mkubwa amerudi mjini, ametuma salamu, "Mwanangu, Jumapili nakuja kumwona mkwe wangu." Akipiga hodi tu, yamekwisha. Nimewaza kumwomba ajifanye koo limemkauka, aongee kwa ishara. Au nimwache mume wangu na furaha yake? Ukweli usiomfaa mtu una thamani gani?

Ni mimi, Bibi Harusi wa Wiki ya Tisa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Bibi Harusi, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, ya pili nikakunja uso.

Ulipojibu "Ni mimi" hukudanganya, kwa sababu hukujua umeulizwa nini. Ulipojua ukanyamaza, hapo ndipo ulipoanza kukosea, na kila Jumamosi unakosea upya.

Somo la Kwa-Hiyo umelishika nusu. Mumeo aliona mlango umefunguka akasema, kwa hiyo ni huyu. Hakuuliza kama ndani kuna mtu mwingine. Na wewe je? Unamwona kafumba macho, unasema, kwa hiyo anachokipenda kwangu ni sauti, kwa hiyo akijua nimekwisha. Umemuuliza? Yeye aliruka hatua moja, wewe umeruka mbili, na wewe ndiye uliyepata alama nzuri! Sauti ilimvusha reli, sawa. Mwezi mzima kando ya reli alitembea na nani? Huyo aliyeshika viatu mkononi hakumsikia kwenye spika, alimwona kwa macho yake. Hapo anaamini, ana sababu, na ni kweli.

Unauliza ukweli usiomfaa mtu una thamani gani. Nani kakuteua umpimie mwenzako kinachomfaa? Hiyo furaha unayoilinda ni yake au ni yako? Na yule mama! Mtu aliyezungumza na mji mzima, unataka aje ale kwako kama bubu? Ona haya, binti yangu. Tena katika nyumba hiyo mnaomkumbuka ni wawili. Mngeweza kumkumbuka pamoja tangu zamani, ukamnyima mumeo mtu wa kukaa naye na kusimuliana.

Fanya hivi. Mwambie Ijumaa, akishaoga, kabla ya chakula. Usianze kwa kulia, maana atakubembeleza na habari yenyewe haitafika. Akitaka kutoka akatembee, mpishe, usimfuate. Bi Mkubwa naye umweleze mapema asije akalikanyaga jambo asilolijua, halafu Jumapili aje, aongee mpaka achoke. Na mumeo akikuuliza kwa nini ulinyamaza muda wote huo, usimwambie ulimhurumia. Mwambie uliogopa. Katika barua yako nzima, hilo ndilo jambo pekee unalolijua kwa hakika.