Kupima Maji ya Nyamitaba

Kinshasa, 10 Februari 2023

Papa mpendwa,

Jambo sana. Uko mzima? Mgongo umepoa? Na Mama, na mbuzi zake? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha.

Nina habari nzuri. Serikali inataka kuachana na mafuta ya jenereta, ilete umeme wa jua na wa mito midogo. Niliandikisha maporomoko yetu ya Nyamitaba, na ofisi yetu imeyakubali! Ila wanataka mtu apime kina cha maji kila asubuhi, mwaka mzima. Siku moja ikikosekana, tunaanza upya. Nimekutaja wewe. Honoré, dereva wa lori, atakuletea karatasi na mti wenye namba.

Binti yako,
Adelaïde

Nyamitaba, 2 Mei 2023

Mwanangu Adelaïde,

Salamu nyingi. Mgongo ungali wa kizee, lakini maharagwe tunakula.

Leo ni siku ya sabini. Ndagijimana akipita na ng'ombe wake ananicheka: "Papa Adelaïde, maji iko na homa? Kila siku unaipima tu!" Nami namjibu acheke, taa zikiwaka nitamtoza kiingilio. Anne, muuguzi wetu, hatazalisha tena wanawake akiwa ameuma tochi kwa meno. Kijiji kizima kinajua ni binti yangu anayeleta umeme. Kanisani wananipisha kiti cha mbele, na nisikufiche, ninaringa.

Bunduki tunazisikia, lakini ziko mbali.

Papa yako

Kinshasa, 14 Septemba 2023

Papa,

Samahani kwa kukaa kimya. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Huku wakubwa wanaongea nyuklia, kutwa nyuklia. Ramani za mito sizioni tena mezani. Usijali. Wewe endelea kupima.

Binti yako

Nyamitaba, 22 Novemba 2023

Mwanangu,

Barua hii ikukute mzima. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Walikuja watu wenye silaha, wakachukua ng'ombe wa Ndagijimana, wakaahidi kurudi. Mnara wa simu wameuchoma. Mama yako amekwenda Shasha kwa kaka yake, pamoja na Anne na karibu kijiji kizima. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Akanijibu, "Mbivu utakula na nani, Papa Adelaïde? Watu yote imekimbia!" Alilia. Mimi nililia alipokwisha kupotea kilimani.

Zimebaki siku tisini na moja. Nashuka mtoni alfajiri, najificha kwenye matete mpaka kutulie, ndipo napima. Naogopa sana, mwanangu. Kama kuna kilichobadilika huko, niandikie neno moja tu, nitaondoka siku hiyo hiyo. Honoré anasema labda atapita tena mara moja.

Papa yako anayekupenda

Kinshasa, 3 Desemba 2023

Papa,

Sikuulizi hali. Ondoka.

Mpango wa mito midogo ulifutwa mwezi wa sita. Sasa serikali inataka nyuklia, na mashamba makubwa ya jua karibu na miji. Nilipokuandikia Septemba nilikwisha kujua, karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nikafikiria kile kiti cha kanisani, nikaona haya. Nimekukosea, Papa. Ukifika Shasha nichape, nitakuja mwenyewe unichape, lakini fika. Leo, si kesho.

Binti yako

Kinshasa, 19 Januari 2024

Papa,

Najua hutaisoma hii.

Honoré amenirudishia barua yangu ikiwa bado imefungwa. Wanajeshi walimzuia njiani, huko Mubambiro, hakufika kwako. Ndagijimana alirudi kutafuta ng'ombe wake, akakukuta umepigwa risasi kando ya mto. Alikuzika palepale, kisha akampelekea Mama karatasi zako. Siku mia tatu na tatu, na hakuna hata moja uliyoruka.

Jana Mama alinipigia simu kutoka Shasha. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Mutoto yangu, ni nini ilimushikilia Papa yako kule?"

Nilimwambia mtandao ni mbaya, simsikii vizuri.

Binti yako