Nimefungua Injini Yako, Mulinge

S.L.P. 46,
Mukuyuni, Makueni.
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mulinge,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la Doha limekuhurumia kidogo. Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa Juni kimepona? Usinijibu kwamba uko sawa tu, kama unavyomjibu Mama kwenye simu. Sisi huku hatujambo. Asubuhi kuna baridi kavu, vumbi ni la Agosti, na wazazi wameanza kuniletea vitambaa vya sare za shule, wote siku moja, kama kawaida yao.

Mama ni mzima. Goti linamsumbua akiinuka kanisani, lakini ole wako umshike mkono.

Sasa kaa chini kwanza. Nimefungua injini ya gari lako. Nakumbuka ulichoniambia siku ulipoondoka: niangalie maji na oili, niende nalo sokoni, lakini injini isiguswe na mtu mpaka urudi. Sikukupigia simu kwa sababu ungenikataza, nami ningekutii.

Ilianza hivi. Mama mdogo Nzisa, kule Mwingi, amezidiwa. Binti yake alituambia kuna siku anawatambua watu na kuna siku hawatambui, na hizi za pili zinaongezeka. Mama aliposikia, alipanga nguo zake kwenye begi, akaliweka mlangoni, akakaa kando yake. Hakuuliza kama gari liko tayari.

Bahati nzuri Mbuvi, yule fundi wako aliyehamia Mtito Andei kutengeneza malori, alikuwa amepita kutusalimia. Nikamwomba aliangalie gari kabla ya safari. Alilegeza kifuniko cha pembeni, akamulika, akaniita nione mkanda wa taiming, ule unaozifanya gia ya juu na ya chini za injini zizunguke pamoja. Akasema ukikatika njiani, vyuma vya ndani vitagongana na injini ndiyo basi tena. Yeye alikuwa anarudi kazini jioni ile, na likizo nyingine ni mwisho wa Septemba.

Mulinge, miaka yote nilidhani mkanda ule ni mpira mtupu. Kumbe ni kitambaa! Kitambaa na nyuzi ndani ya mpira! Na nyuzi zilizochoka mimi nazijua, nimezishika miaka ishirini na sita. Zile zilikuwa zinachungulia ukingoni, zimeanza kuachana. Ndizo zilizokuwa zikikuzungusha kutoka hapa hadi Mombasa na kurudi, nawe umewasha redio.

Siku tatu nilishona nikiwaza. Kusubiri Septemba, labda Nzisa asimjue tena dada yake. Kwenda na mkanda ule, ningekuulia gari na kumwacha Mama barabarani. Fundi wa hapa sokoni ndiye aliyelitengeneza gari la Kaluki, jirani yetu, likarudi linagonga kama kinu. Na mimi, Kathini, sijawahi kufungua hata plagi.

Siku ya tatu cherehani ikaanza kuruka mishono. Niliipindua kama siku zote, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono, nikaangalia sindano inavyoshuka na kile chuma cha chini kinavyofika kuunasa uzi. Kikichelewa hata kidogo, hakuna mshono. Nikarekebisha. Nikiwa bado nimeinama pale nikafahamu kwamba kazi aliyonieleza Mbuvi nimekuwa nikiifanya maisha yangu yote, ila kwa chuma kidogo. Nikampigia. Akanitumia mkanda mpya kwa basi, na maelezo kwa simu.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukaanza. Shemeji yako Kitheka alining'inia kwenye bomba refu alilolivika spana mpaka ile boliti kubwa ya chini ikalegea. Mbuvi alikuwa amesisitiza alama za kupanga gia zisipotee. Mimi ndani sikuona alama yoyote, niliona grisi na vumbi la miaka. Basi nikachora zangu kwa chaki ya kukatia nguo, nzuri, zimenyooka, kwenye gia ya juu na gia ya chini. Nikatoa mkanda wa zamani, nikaingia ndani kupika chai.

Kitheka unamjua. Jembe lake haliingii ghalani na udongo. Niliporudi na chai, alikuwa amepangusa kila kitu kwa kitambaa na mafuta ya taa, injini inang'aa, na hakuna hata mstari mmoja wa chaki. Tena alipoikandamiza gia ya juu, iliruka kidogo yenyewe. Alikuwa anatabasamu, akingoja asifiwe. Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Mama alituangalia kutoka pale mlangoni, kando ya begi lake.

Nilimpigia Mbuvi.

"Ai, Mama Wavinya, chaki?" akasema. "Hiyo ni ya nguo! Angalia kwa gia yenyewe, kuna alama ilitoka nayo kiwandani. Ya chini pia iko. Hizo ndio unafuata, hiyo ingine wachana nayo."

Nikainama. Na kweli, pale Kitheka alipopangusa, palikuwa na mkato mdogo, mwembamba kuliko ukucha, na nyuma yake kwenye injini mstari wa kulingana nao. Chini vilevile. Vilikuwa hapo siku zote, chini ya uchafu. Nikarudisha gia taratibu mpaka vikaonana, nikavisha mkanda mpya, nikakaza. Halafu nikazungusha injini kwa spana, raundi mbili kamili, kama Mbuvi alivyoniagiza. Mikato ikazunguka, ikapotea, ikarudi. Ikasimama palepale.

Ndugu yangu, niliugusa ule mkato kwa kidole. Kuna mtu mahali fulani, sijui nchi gani, aliukata mkato ule kwa ajili ya mkono asioujua. Hakuwahi kusikia Mukuyuni. Lakini alijua ipo siku mtu atapotea, akamwachia njia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti, na Kitheka akasema Amina, kitambaa bado mkononi.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Jumatatu tukafika Mwingi, mimi nikiendesha polepole hadi malori yakanipigia honi. Mama mdogo alimtazama Mama kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisikia. Mama akaitika. Amekataa kutuambia maana yake.

Barua hii inaletwa na Evanson, mtoto wa Wamaitha wa duka la vifaa, anayerudi huko kazini. Wasalimie akina Mutisya unaoishi nao. Mama, Kitheka na Wavinya wangu wanakusalimu sana. Bwana akulinde unapotoka na unapoingia, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Kwenye kifurushi alichobeba Evanson nimekuwekea ule mkanda wa zamani. Ukunje mara moja tu kwa vidole, uzione zile nyuzi. Ukishaziona, nipigie unigombeze, kama bado utataka.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Kathini