Shiko Huongea na Nani Nyumbani?

Mpendwa Shangazi Philister, naomba msaada kabla sijampandisha mama mkwe gari la kurudi Gatundu, maana damu inanichemka. Nafanya kazi ofisi ya bima Upper Hill, tunaishi Mountain View, na tangu binti yetu Shiko aanze kutamka niliweka sheria kwamba nyumbani ni Kiingereza tu, na kwa kuwa Kavutha, dada wa kazi anayemlea, Kiingereza chake kina lafudhi ya Ukambani, nilimwambia asimsemeshe mtoto kabisa, amwashie katuni kwenye simu asikie matamshi safi, na Kavutha akatii, miaka miwili analisha na kuogesha bila neno. Sasa Shiko ana miaka mitatu na nusu. Wiki jana nikampeleka intavyuu katika chekechea moja ya Karen niliyoitamani tangu nikiwa mjamzito, mwalimu akamwonyesha picha ya kuku, akanyamaza, akamwonyesha kikombe, akanyamaza, kisha akaipitishia kidole ile picha ili iondoke, kama afanyavyo kwenye simu. Mwalimu akaniuliza, "Mama, huyu huongea na nani huko home?" Nilitoka nikilia.

Sasa sikia haya. Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Juzi nimerudi mapema nikamkuta mkekani na Shiko wakiambua minji, zile njegere, ndani ya sufuria, na mtoto yule yule aliyeniaibisha Karen anambwatia bibi yake, "Cucu, mwewe ilikuja, alafu kuku ikasema, wachana na mtoto wangu!" Mengine kwa Kikuyu. Nikamnyang'anya mama sufuria, nikamwambia, "Mum, please, hapa ni English only, unaniharibia mtoto." Tangu siku hiyo mama mkwe haongei, Shiko haongei, na mume wangu Karanja hataki kula meza moja nami. Nimwondoeje huyu mama bila kuvunja ndoa?

Mama Shiko, Mountain View

Shangazi Philister anajibu:

Mama Shiko, pole kwa aibu ya Karen. Huruma yangu inaishia hapo.

Umemkuta mwanao akisimulia kisa kizima, chenye mwewe, kuku na maneno ya kuku mwenyewe, na wewe ukaona uharibifu? Ungepiga vigelegele! Simu haimngoji mtoto amalize sentensi, wala haimuulizi "halafu?" Bibi yake humuuliza, ndiyo maana humjibu. Mtoto anayeweza kusimulia kwa Kiswahili na Kikuyu atajifunza kusimulia kwa Kiingereza pia. Usiyemsemesha hana hata la kuanzia, na huyo ndiye uliyempeleka intavyuu.

Na Kavutha je? Mtu mzima mwenye akili zake umemfunga mdomo miaka miwili, ati lafudhi! Kwani wewe unaongea kama nani? Nimekasirika, mama, na sitaficha.

Simu iondoke mikononi mwa Shiko leo hii. Kavutha akimwogesha amtajie goti na kisigino, amwimbie, kwa Kiswahili au Kikamba, chochote kinachomtoka bila woga. Jumamosi nenda na Shiko kwa mama mboga, mwache achague nyanya mwenyewe na aulize bei. Ukitoka kazini keti naye, muulize amecheza nini, kisha unyamaze umngoje, hata akikawia, usimmalizie sentensi. Kiingereza chako mpe pia, hakuna anayekukataza, mradi kitoke mdomoni mwako. Karanja naye aache kununa, amsomee kitabu cha picha kabla ya kulala, na Shiko ndiye afunue kurasa. Chekechea zipo nyingi, hata hapo Kangemi.

Mama mkwe haendi popote. Mrudishie sufuria yake, umwombe msamaha kwa Kikuyu, tena kwa sauti, Shiko akiwa amekaa hapo anasikiliza.