Gari la Baba Halitaki Kuwaka

Uiseong,
Jumamosi, 9 Desemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Byeong-cheol,

Hujambo huko São Paulo? Mkeo Sun-ae mgongo umepoa? Na mwanenu Da-som bado anasusa chakula? Sisi tunashukuru, ila baridi imekaza, na kabichi za kimchi tumemaliza kuzitia chumvi Jumanne tu, mikono yangu bado inawasha. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana posta itachukua wiki tatu na jambo lenyewe halingoji.

Mama anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kama unavyojua, na Baba ndiye anayempeleka hospitali ya Andong alfajiri kwa gari lile lile. Hapo ndipo penye neno.

Tangu ulipoondoka baada ya sikukuu ya Chuseok, gari linalala zima, linaamka maiti. Ukizungusha ufunguo, tk-tk-tk, basi. Lina miaka kumi na saba, kila mtu akasema ni uzee. Baba akanunua betri mpya. Siku nne, kimya. Akabadilisha stata, kimya. Watu wa bima wamekuja kuliwasha mpaka safari zao za bure za mwaka zikaisha. Mwishowe akafunga samaki mkavu kwa uzi chini ya boneti, akamwagia matairi pombe ya mchele ili nuksi itoke. Kesho yake gari lilinuka kilabu, na kuwaka halikuwaka!

Nacheka sasa, lakini Jumatano sikucheka. Gari liligoma, teksi hakuna, theluji mpaka magotini. Mama akakosa zamu yake. Alhamisi uso umevimba, anahema ameketi, kulala hawezi. Tulimkimbiza kwa ambulansi, wakamsafisha, jana akarudi nyumbani. Daktari alisema wazi kwamba akikosa tena huenda tusimuwahi. Niliogopa, mdogo wangu. Naogopa hata sasa.

Jana nikamleta fundi Tak. Alizima kila kitu, akafunga milango, akaweka mita kwenye betri, akaona umeme bado unanywewa. Basi akawa anachomoa fyuzi moja moja huku jicho liko kwenye mita. Alipochomoa ya ile kamera uliyoifunga kwenye kioo cha mbele, mshale ukalala.

"Mzee wangu, betri unanunua, na mwizi umemfungia humu humu ndani!" akamwambia Baba.

Baba hakushtuka. Kumbe anajua! Mtu wa bima alishamwambia mwezi mzima uliopita.

"Ukiigusa hiyo umenigusa mimi," akaniambia. "Byeong-cheol anatuona kwayo kwenye simu yake. Akikuta giza, si atadhani tumekufa?"

Ndipo nikaelewa kwa nini anaegesha gari pua ikitazama mlango wa nyumba, na kwa nini Mama huchana nywele kabla ya kutoka uani, kisha akapungia kioo mkono. Mimi nilidhani anamsalimu jirani.

"Nikifa kwa ajili ya hilo dude, wewe mzee utampikia nani supu?" Mama alimtania. Lakini leo asubuhi alichana nywele vile vile.

Sikulaumu. Uliifunga kwa mapenzi, baada ya yule mtu kuvunja taa ya gari likiwa limeegeshwa akakimbia. Tak anasema ikipangwa izime gari likizimwa, yamekwisha. Nimeichomoa mara mbili, Baba ameirudisha mara mbili. Mimi hanisikii.

Kwa hiyo mpigie leo, kabla ya Jumatatu. Mwambie picha haikutoshi, unataka kuwaona kwa simu, uso kwa uso, kila asubuhi yao. Halafu fanya hivyo kweli.

Kitu kimoja usimwambie. Jumatano Mama alisimama mbele ya kamera hiyo nusu saa kwenye theluji, akingoja umwone, taa ndogo ya kamera ikiwaka. Ungekuwa unaangalia ungepiga simu. Najua kazi ya cherehani haikupi nafasi, sina hasira. Ila Baba asijue kuwa huangalii.

Shangazi Gwi-rye anakusalimu, anauliza kama huko vitunguu saumu vinapatikana. Mbusu Da-som. Mungu awape afya na wateja, na atuweke mpaka tukutane mezani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikusema,
Ok-bun