Mstari Niliouita Marudio

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na uchochoro wa ofisini kwetu umejaa maji mpaka usawa wa baraza. Nimeingia kazini na viatu mkononi, nimetoka na viatu mkononi, na katikati ya hapo nimemkosea mwanamke mmoja kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, na sikujua. Leo nilijua.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani najua nitakachoambiwa. Mama atasema nimwachie Mungu. Dada atasema kazi ni kazi, kila mtu anakosea. Sitaki kutulizwa. Nataka kukasirika, na mtu wa kumkasirikia ni mimi.

Kwa asiyejua kazi yangu: taasisi yetu ni ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa, Mji Mkongwe. Tunaandikisha wazee wa vijijini wenye mtoto wa jicho. Mara moja kwa mwaka madaktari wageni huja, wakapiga kambi wiki moja, wakawafanyia upasuaji. Wakiondoka wameondoka. Kwengine foleni ni ndefu kuliko yetu. Kwa hiyo orodha ndiyo kila kitu: aliyemo anaona, asiyemo anasubiri mwaka mzima gizani.

Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikuwa mikononi mwa Mzee Khatib. Aliiandika kwanza kwenye daftari, kisha akaihamishia kwenye faili la kompyuta kwa vidole viwili. Mwaka jana alistaafu. Nikaajiriwa mimi, mwenye cheti, nihamishe data zake zote kwenye mfumo mpya.

Cheti. Nacheka peke yangu hapa.

Faili la Mzee Khatib lilikuwa shamba lisilopaliliwa. Sifuri za mwanzo wa namba za simu zilikuwa zimemezwa na kompyuta. Tarehe nyengine zilianza na siku, nyengine na mwezi. Jina la kijiji kimoja liliandikwa kwa namna nne. Nilirekebisha kimoja baada ya kimoja, nikijifunza kwenye kurasa za mtandaoni ambako watu wa nchi za mbali huulizana maswali ya SQL, ile lugha ya kuiamrisha kanzidata. Kila amri iliyokubali nilijiona bingwa. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee katuachia jalala. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja, na mara moja alikuwa mlangoni.

Kulikuwa na safu moja iliyonichekesha kuliko zote. Mzee aliiita "Lakabu na mengineyo". Ndani yake mlikuwa na maneno ya ajabu ajabu: "Mrefu". "Mke wa fundi baiskeli". "Usimpigie saa za mwani". Na mmoja kaandikiwa: "wa kisimani, si yule mwengine".

Si yule mwengine! Niliisoma kwa sauti, ofisi nzima ikacheka. Mfumo mpya haukuwa na mahali pa maneno kama hayo, nami sikuona sababu ya kuyatafutia. Nikaifuta safu yote, nikahifadhi faili langu safi juu ya lile la zamani, kwa jina lilelile. Hata nakala sikubakisha.

Kisha nikafika kwenye marudio. Kila anayeanza kazi hii hukutana nayo, mtu mmoja kaandikwa mara mbili, na somo ni lilelile popote utakaposoma. Kusanya majina yanayofanana. Ongeza kijiji, ongeza tarehe ya kuzaliwa, ongeza namba ya simu. Vyote vinne vikilingana, huyo ni mtu mmoja: bakisha mstari wa kwanza, futa wa pili. Na somo linasisitiza kwamba kabla hujatoa amri ya DELETE, ya kufuta, utangulize SELECT, ya kuonyesha tu, uone kwa macho yako unachotaka kufuta.

Nilitanguliza. Zikaja jozi kumi na tisa. Nikazipitia jina kwa jina. Mize Haji Vuai na Mize Haji Vuai, kijiji kimoja, tarehe moja, simu moja. Nikatoa amri. Kompyuta ikanijibu kwamba mistari kumi na tisa imefutwa, nami nikatoka kwenda Darajani kula urojo wa kujipongeza.

Sasa niseme jambo ambalo aliyeandika somo lile hawezi kulijua, lakini mimi sikuwa na haki ya kutolijua.

Vijijini kusini mwa kisiwa mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Na majina ni yaleyale yanazunguka, maana mtoto hupewa la bibi au la babu ili lisipotee. Kijijini kwa bibi yangu mzaa mama kuna Mwanaidi wawili. Baba zao mbali mbali, majina matatu sawasawa. Tunawaita Mwanaidi wa juu na Mwanaidi wa chini, na nimekula kwa wote wawili tangu sijaanza skuli.

Tarehe za kuzaliwa wazee wetu hawana. Anayemwandikisha hukisia mwaka, kisha huweka tarehe mosi Januari. Nusu ya orodha yetu wamezaliwa mosi Januari. Na asiyekuwa na simu huandikiwa simu ya sheha, kiongozi wa mtaa wao, kwa kuwa ndiye atakayekwenda kumgongea mlango.

Kwa hiyo nilikuwa na jina la kurithi, kijiji kimoja, tarehe ya kukisia na simu ya sheha. Vipimo vyangu vinne havikupima kitu. Kilichowatenganisha watu wale kilikuwa kwenye safu niliyoichekea. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema. Ila tende imeota kwenye mguu wa mtu mwengine.

Mize mmoja, anayeitwa Mrefu, alifanyiwa upasuaji mwaka jana. Mize wa pili, wa kisimani, alikuwa anasubiri zamu yake mwaka huu. Mstari uliobaki kwenye mfumo ni wa Mrefu, na mbele yake pameandikwa: ameshafanyiwa.

Madaktari walikuja wiki iliyopita. Wameondoka Jumapili.

Leo saa nne asubuhi, mvua ile ile, Bi Mize wa kisimani alipanda ngazi zetu kashikwa mkono na binti yake, Pili. Mguu ulikuwa ukipapasa kila kidaraja kabla ya kukanyaga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akiutazama ukuta ulio kando yangu.

Pili ndiye aliyeeleza. Siku ya kwanza ya kambi walikaa mpaka adhuhuri, zamu yao ilipofika muuguzi akatazama kwenye kompyuta akasema bibi huyu ashafanyiwa. Wakabisha. Wakaambiwa labda mzee kasahau. Siku ya pili wakarudi, na safari hii waliambiwa mbele ya watu wa kijijini kwao, wasogee wampishe mwenye haki yake.

"Sisi tunajua walivyofanya," Pili alisema. "Wamemchanganya na Mize Mrefu."

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya Mzee Khatib.

"Mama kalia njia nzima," Pili akaendelea. "Si kwa jicho. Kwa kuitwa muongo."

"Hebu njoo, mwanangu," Bi Mize akaniita. "Nitazame vizuri. Jicho hili lishafanyiwa?"

Nikainama mbele yake. Kwenye mboni palikuwa na weupe, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Jicho la pili limekufa zamani.

Nilimuuliza, kwa kukosa la kusema, anafanya kazi gani. Kulima mwani baharini ameacha kwa sababu haoni mawe. Sasa anasuka ukili wa mikeka, kazi ambayo alisifika nayo kwa rangi zake. Pili akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi mama yake anachanganya nyeusi na zambarau, na wenzake humngoja aondoke ndipo wanafumua na kusuka upya.

"Wanadhani sijui," Bi Mize alisema. "Vidole vyangu vinaujua ukili wangu. Asubuhi nikiushika, si wangu."

Meneja wetu alitoka chumbani kwake aliposikia sauti. Akaagiza chai, akatoa pole nyingi, kisha akasema, "Mfumo ulikuwa na hitilafu, bibi. Mashine hizi, unajua tena." Akaniangalia. Sikumwangalia.

Nafasi ilikuwa yangu. Maneno matatu tu yalitosha: ni mimi niliyekufuta. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Tutalishughulikia."

Waliposhuka ngazi nilimsikia Bi Mize akimwambia binti yake, "Kumbe mashine nayo hukosea." Alisema kwa upole, kama anayemtetea mtu. Afadhali angenitukana.

Alasiri nilikwenda Kikwajuni, kwa Mzee Khatib. Tunakaa mtaa mmoja, na tangu astaafu sijawahi kumpigia hodi. Kwenye makabidhiano alikaa nami wiki mbili nzima, kwenye kile kiti cha dirishani, tayari kuulizwa. Mimi nilikuwa na spika za masikioni.

Nilimweleza yote, na kwa lile neno jalala nikamwomba radhi. Nilitarajia anifokee. Akainuka, akarudi na bati la biskuti, ndani yake daftari limefungwa kwa mpira. Hakulifungua.

"Nisomee majina," alisema.

Nikasoma jozi zangu kumi na tisa. Alikuwa akijibu kama mtu anayetaja watoto wake. Huyo mmoja, nilimwandika mara mbili, kosa langu. Hao wawili. Hao wawili, mmoja kashafariki, Mungu amrehemu. Huyo mmoja. Hao wawili, na hawaelewani, usiwaweke siku moja. Tulipofika mwisho, marudio ya kweli yalikuwa manane. Kumi na moja walikuwa watu.

Daftari alilifungua kwa ajili ya namba zao tu. Nilipoufikia mstari wa Bi Mize, nikauona kwa mwandiko wake, kwa wino mwekundu: si yule mwengine.

"Hayo niliyaandika baada ya kuwachanganya mimi mwenyewe," alisema. "Niliwahi kumpelekea mmoja dawa ya mwenzake. Jicho likawaka moto siku tatu. Nikaona haya, nikaandika ili asije mtu akakosea tena."

Nilinakili majina kumi na moja, na kila alichoandika mbele yake, mpaka koma.

Nimerudi nyumbani nikafungua kompyuta. Nimeongeza safu kwenye jedwali, nikaiita lakabu, nikawarudisha watu mmoja mmoja. Nilipomrudisha Bi Mize kompyuta iliandika kwamba mstari mmoja umeongezwa. Kwa kompyuta kila kitu sasa kiko sawa, kama vile hajawahi kutoka. Madaktari wako kwao.

Baada ya sala ya magharibi nikaipiga ile simu ya sheha.

"Naam," akaitikia.

Nikajitambulisha, nikasema namtaka Bi Mize Haji Vuai.

"Mize yupi?"

Hakufikiri hata kidogo. Nikaitazama safu ya lakabu kwenye kompyuta, mpaka akauliza kama bado nipo.

"Wa kisimani," nikasema.

Nikasikia ndara zake kwenye matope, kisha hodi, kisha karibu, kisha pumzi ya Bi Mize, karibu mno na simu kama wanavyoishika wazee.

Nikamwambia. Kwamba si mashine. Niliwaona watu wawili nikasema ni mmoja, nikamfuta yeye, na asubuhi nilinyamaza kwa woga wa kazi yangu. Kwamba sina daktari wa kumpa mpaka mwakani, na siwezi kumdanganya. Kwamba yeye hakuwa muongo, na kesho nitashuka kijijini kwao nikaseme hilo mbele ya walewale waliomsikia akiambiwa asogee. Kazi wakinifukuza, wanifukuze.

Nilisikia kwamba kwao pia mvua ilikuwa inanyesha.

"Safari nyengine, mwanangu," alisema, "kabla hujanifuta, niulize kama nipo."

Akamrudishia sheha simu yake.