Gramu Mia Tatu

Jumanne, 10 Juni
Mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida. Baridi kali. Chuma kiliuma viganja mpaka kikapata joto la mikono. Nimeinua kilo mia moja mara tatu. Goti kimya. Mwaka mzima tangu liteguke, na leo nimelisahau kabisa. Kocha Chibago, asiyemsifu mtu, amesema, "Angalau." Neno hilo nimekwenda nalo kazini. Nimeshinda dukani nikiuza misumari na mabati, natabasamu peke yangu.

Jumatano, 11 Juni
Jumamosi ni mashindano ya taifa ya kunyanyua uzito, hapahapa Dodoma. Nimekuwa bingwa mara tatu, uzito wa kilo sitini na nne. Mwaka jana nilitazama nikiwa na magongo, Neema wa Mwanza akabeba medali. Ana miaka ishirini na mbili. Mimi thelathini na tatu. Nautaka ubingwa wangu. Naandika hapa kwa sababu kuusema kwa mdomo naona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Siku ya mapumziko. Dada Hawa kanisuka kutwa nzima, saluni kwake Ipagala. Rasta mpaka kiunoni, ncha zake rangi ya zabibu. "Bingwa hapigwi picha na mabutu," kasema. Kichwa kinawaka moto. Nimependeza. Najua nimependeza.

Ijumaa, 13 Juni
Nimejipima: nimezidi kilo sitini na nne kwa gramu mia sita. Sijala jioni. Kocha kanuna. Hasira.

Jumamosi, 14 Juni
Sijanywa hata maji. Mizani asubuhi: nimezidi gramu mia tatu. Nikavaa masweta mawili, nikauzunguka uwanja mbio. Nikarudi. Mia mbili na themanini. Jasho limegoma. Zimebaki dakika ishirini mizani ifungwe. Nimekaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Kocha kaangalia saa. Kisha kaangalia kichwa changu. Dada Hawa, aliyesimama mlangoni na chupa ya uji, akaelewa kabla yangu.

"Hapana, dada," nikasema. "Kazi ya siku nzima!"

"Nywele zitaota, Mwajuma. Kaa vizuri."

Akatoa mkasi kwenye mkoba. Akakata mpaka kwenye ngozi, upesi, bila kupepesa macho. Rasta zikajaa mfuko. Nikapanda mizani. Sitini na tatu na gramu mia tisa na themanini. Dada akapiga kigelegele palepale ndani, wasimamizi wakamtoa nje. Akaendelea huko huko nje.

Raundi ya kwanza, ya kuinua kwa mkupuo mmoja, mimi na Neema tulitoka sawa. Ya pili, chuma kinapita mabegani kwanza. Neema akamaliza na kilo mia moja na nne. Nikaomba mia moja na tano, jaribio langu la mwisho. Sijawahi kuinua uzito huo, hata mazoezini. Mabegani kikafika. Pumzi moja. Kikaenda juu. Goti likatetemeka, mikono ikanyooka. Nikasubiri. Taa tatu nyeupe, waamuzi wote wamekubali!

Bingwa. Mara ya nne.

Neema kanikumbatia, kakipapasa kipara changu, tukacheka sote wawili. Kocha amelia. Kasingizia vumbi. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 15 Juni
Mvumi, kwa mama. Mwili wote unauma, uchungu mtamu. Tumekaa uani tunamenya karanga. Mama hajawahi kuona mashindano. Kauliza chuma chenyewe kilikuwa kizito kiasi gani. Nikamwambia kama gunia la mahindi, na zaidi kidogo.

Kafikiri. "Ukalipeleka wapi?"

"Sikulipeleka popote, mama. Nililirudisha chini palepale."

Kacheka mpaka ungo ukamponyoka mapajani, karanga zikatawanyika uani. Nami nikacheka. Tukainama, tukaziokota moja moja.