Mama Mkwe Aliagiza Momo za Nguruwe

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijamkosea mtu, maana tangu Jumamosi nikimwona mama mkwe wangu sijui macho niyaweke wapi. Mimi ni Mtibeti wa Kalimpong, nimeolewa na Mbengali hapa Kolkata, na mama mkwe, Bibi Nirupama, ni mjane ambaye tangu afiwe na mumewe, kwa mila ya wajane wa kwao, hali nyama, samaki wala kitunguu, sufuria zake ziko mbali na zetu, na chakula cha kwetu hajawahi kukigusa, anasema kina harufu. Jumamosi tulitoka kliniki ya macho, mvua ikatukamata, tukajibanza kwenye mkahawa wa shangazi yangu Yangchen, nikamwagizia momo za mboga, vile vibunda vyetu vya unga vinavyopikwa kwa mvuke, nikaenda kunawa. Narudi, anakula taratibu, anachovya kwenye pilipili, na mchuzi wa nyama unamchuruzika kidoleni.

"Shangazi, umekosea sahani," nikasema.

"Sijakosea. Kabadilisha mwenyewe, kataka za nguruwe. Nimemuuliza mara mbili."

Mama mkwe hata kichwa hakuinua. "Kaa, mwanangu, watu wanatuangalia. Aliyekufa ni mume wangu, mimi bado nina ulimi. Miaka yote hii supu yako inanifikia mpaka chumbani. Unadhani nilikuwa nalalamika harufu kwa sababu inanuka?" Akafuta kidole. "Subrata asijue."

Jioni hakula, bado kashiba momo, na mume wangu Subrata, ambaye akimwona mama yake kashika yai ataita ukoo mzima, amepata wasiwasi, anataka kumpeleka kwa daktari, huku mama ananinong'oneza jikoni, "Jumamosi twende tena." Nikinyamaza namdanganya mume, nikisema namwaibisha mama. Nifanyeje?

Dolkar, Kolkata

Dolkar, pole. Hata mimi nilipofika kwenye nguruwe niliweka kikombe chini. Lakini sasa tulia, unaandika kama mtu aliyefumania mwizi. Mama wa watu kaulizwa mara mbili, kajibu, kala. Mume wako je, hali samaki mbele ya mama yake kila siku? Mbona hilo hukuniandikia?

Najua unachoogopa hasa: kwamba watasema Mtibeti kamharibu mama yao. Na kweli watasema. Ndiyo maana habari hii isitoke kinywani mwako. Subrata akikuuliza, usimtungie uongo, mwambie, "Muulize mama." Na leo, kabla hajaburutwa kwa daktari bure, keti na mama mkwe umwambie, "Mwanao ana hofu, mwambie mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako." Akikataa, usimlazimishe, ila mwambie wazi kwamba ukiulizwa wewe hutasema uongo. Mwanawe akifoka, mwache afoke, wewe usiombe msamaha kwa jambo ambalo hukulifanya.

Jumamosi mpeleke. Agizeni sahani mbili, na safari hii nawe ule, usikae unamtazama mdomo.